Bando la WhatsApp siyo intaneti

Makamanda, mwezi uliopita tuliitisha kikao cha vijana wa kata yetu kwa Zoom. Kwenye grupu tuko 31, walioingia ni 9. Nikadhani watu wamepoa. Kumbe wengi bando walikuwa nalo, tena la wiki, ila la WhatsApp, Facebook na Instagram tu. Dada mmoja akaniandikia: "Kaka, MB ninazo lakini hazifungui."

Zamani ukipiga simu, njia moja ilishikwa kwa ajili yenu wawili mpaka mkate. Sasa kampuni za simu zinahamia kwenye teknolojia ya intaneti. Sauti yako inakatwa vipande vidogo na kupita njia moja na picha, muziki na tangazo la mkutano wetu wa hadhara. Kwenye 4G hata simu ya kawaida inaweza kwenda hivyo. Mtambo wenyewe haujali umebeba nini. Anayeuambia hiki kipite na kile kisubiri ni mtu, ofisini.

Na kitasa kinachofungwa kwa bei kinafungika pia kwa amri. Oktoba 2020 TCRA iliziagiza kampuni zisitishe SMS na simu za kutuma kwa wingi, kuanzia Oktoba 24 hadi Novemba 11. Uchaguzi ulikuwa Oktoba 28! Siku moja kabla ya kura, Twitter na WhatsApp zikaanza kugoma. Tukakimbilia VPN. Oktoba 2023 tukatakiwa kuziandikisha, mwisho tarehe 30.

Najua nitakachojibiwa: hilo bando dogo ndiyo intaneti ya mnyonge. Ni kweli, hata mimi nalinunua mfuko ukiwa mkavu. Lakini India nako kuna wanyonge, tena wengi kuliko sisi, na Februari 8, 2016 mdhibiti wao, TRAI, alipiga marufuku kampuni kutoza bei tofauti kulingana na unachofungua. Free Basics ya Facebook ikaondoka. Septemba mwaka uleule Jio ikaingia sokoni na bei ya data ikaporomoka. Sisemi sheria ndiyo iliyoshusha bei, ushindani ndio ulioshusha. Ila kukataza ubaguzi hakukumnyima mnyonge intaneti.

Sasa nasema na sisi wenyewe. Mtandao ukizimwa tunapiga kelele, ukiwashwa tunasahau. Chama chetu kiseme wazi kwenye sera yake: kampuni ipitishe kila kitu kwa usawa, na amri yoyote ya kufunga itoke mahakamani, kwa maandishi, siyo kwa simu ya mkubwa.

Hoja hiyo naipeleka kwenye kikao kijacho cha vijana wa wilaya. Anayeiunga mkono aje. Na mwenzako mwenye bando la WhatsApp tu, usimtumie linki ya ukurasa huu, haitamfungukia. Nakili maneno yote umtumie.