Kaunti Inayotoza Ushuru Mnadani Imlete na Daktari

Katika minada ya mifugo ya Homa Bay na Migori, karani wa ushuru hakosi langoni. Daktari wa mifugo naye hapaswi kukosa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti minada ya mifugo pamoja na udhibiti wa magonjwa ya wanyama. Haikuzikabidhi ushuru peke yake.

Ugonjwa wa miguu na midomo hauna huruma na uzembe. Ng'ombe aliyeambukizwa huanza kueneza virusi kabla hajatokwa na udenda wala kuchechemea. Virusi huenea kwa mate, pumzi, kamba, viatu vya wachungaji na magurudumu ya lori. Mfunge ng'ombe huyo kwa saa chache kwenye mnada wa Rodi Kopany, Homa Bay, kando ya ng'ombe wa maboma ishirini, na jioni ugonjwa umepata njia ishirini za kwenda nyumbani. Ndiyo maana kumfunua ng'ombe mdomo langoni hakutoshi. Kibali cha kusafirisha mifugo kikaguliwe kabla mnyama hajashuka kwenye lori, na rekodi ya chanjo pia, kwa kuwa kinga yake hudumu miezi sita hivi. Migori, yenye mpaka wa Isebania na Tanzania, ina sababu zaidi ya kuwa macho. Wala chanjo si kisingizio: hutengenezwa hapa hapa nchini, na KEVEVAPI, taasisi ya kutengeneza chanjo za mifugo.

Ukaguzi mkali wa namna hii unawezekana. Mwaka 2021, virusi vya herpesi vilizuka kwenye mashindano ya farasi mjini Valencia, Uhispania. Farasi 18 walikufa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilisimamisha mashindano katika nchi 10 za Ulaya, na yaliporejea, kila farasi alipimwa joto na likaandikwa. Wenye farasi wa bei ghali walitii. Maksai wa Ndhiwa au Kuria ana thamani hiyo hiyo kwa mwenyewe: kwato zikichubuka Machi, shamba halilimwi.

Wauzaji nao wasijifiche nyuma ya kaunti. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama mgonjwa amtenge na atoe taarifa. Anayemkimbiza mnadani amuuze kabla hajaanguka anavunja sheria, na dalali anayemsaidia ni mshiriki wake. Karantini ikitangazwa, anayeumia ni mzazi aliyetegemea kuuza ndama alipe karo.

Mawaziri wa kilimo na mifugo wa kaunti hizi mbili watangaze hadharani, mnada kwa mnada, ni daktari gani atasimama langoni, zizi la kuwatenga wagonjwa liko wapi, na nani ana mamlaka ya kulirudisha lori lisilo na kibali.