Kupe Wenye Karatasi: Acheni Kuniambia Niandikishe Wazo

Wasee wa Kilifi, wa Malindi, wa Mtwapa mpaka Gede, leo sina mzaha. Tangu nilipoacha chuo nimeambiwa mengi, lakini hili la wiki hii limenizidi. Kila nikifungua komenti nakuta mtu ananiambia: "Bro, una wazo la programu? Kimbia ukachukue hataza. Ukishakuwa na hataza, wengine wote watakulipa." Na chini yake watu mia wameweka moto na makofi.

Nani kawadanganya nyinyi?

Hataza, ama patenti kama wengi tunavyosema mtaani, ni karatasi ya serikali inayokupa haki ya kumzuia mtu mwingine asitengeneze, asiuze wala asitumie uvumbuzi wako. Muda wake ni miaka 20 tangu ulipopeleka ombi. Na wewe, kama malipo, unaueleza ulimwengu jinsi ulivyofanya. Kwa dawa ama mashine ya maana, sina neno. Mtu kakesha miaka kumi maabara, acha ale.

Lakini kuna kupe. Kupe hatengenezi kitu. Hana fundi, hana mteja, hana hata kibanda. Anachofanya ni kununua hataza kuukuu, mara nyingi ya kampuni iliyokufa, iliyoandikwa kwa maneno mapana kama Bahari ya Hindi. Kisha anakaa. Wewe fanya kazi, kesha, lia, rekebisha makosa ya programu saa nane usiku. Ukianza kuona doo, barua yake inaingia: unatumia uvumbuzi wangu, lipa leseni ama tuonane kortini. Wazungu wamewapa jina la zimwi wa hadithi, yule anayejificha chini ya daraja akidai ushuru kwa kila anayepita. Daraja lenyewe hakulijenga yeye.

Mnataka mfano? Mei 2011, watu wadogo wadogo wanaotengeneza programu za iPhone walianza kupokea barua kutoka kampuni inaitwa Lodsys. Kosa lao nini? Kile kitufe cha kununua kitu ukiwa ndani ya programu, ama cha kutoka toleo la bure kwenda la kulipia. Hicho tu. Kitufe ambacho Apple yenyewe ndiyo iliyowapa. Apple ikaandika barua kusema leseni tumeshalipa na inawafunika hawa watengenezaji. Lodsys ikaenda kortini vilevile, tarehe 31 Mei, ikashtaki saba wa kwanza huko mashariki mwa Texas, korti ambayo kupe waliipenda kama nzi na kibanda cha mabuyu.

Sasa tazama ujanja. Walikuwa wanataka asilimia 0.575 ya mapato ya Marekani. Ukisikia hivyo unasema ah, kitu kidogo, nalipa niendelee na maisha. Ndiyo hesabu yao! Kupigana kesi ya hataza Marekani ni mamia ya maelfu ya dola, na ikifika mwisho inapita milioni kwa urahisi. Kule kila mtu kwa kawaida hulipa wakili wake mwenyewe, hata akishinda. Kwa hivyo hata ukiwa na haki mia kwa mia, kushinda kunakufilisi. Kupe anajua. Bei yake anaipanga iwe chini ya bei ya haki.

Na unajua kilichotokea alipopatikana mtu wa kukataa? Kampuni ya Kaspersky, wale wa kuzuia virusi, ilikataa kulipa hata ndururu. Oktoba 2013, kesi ikikaribia kusikizwa, Lodsys ikaifuta yenyewe. Wakajiondoa kimyakimya. Hao ndio simba waliokuwa wanatisha watoto.

Kisa kingine hiki ndicho kinanichoma zaidi. Wewe ukitaka kutuma vyeti vyako unaenda saiba, jamaa anapiga skani, anakutumia kwa barua pepe, unalipa shilingi zako unaondoka. Sasa fikiria mtu aje adai kwamba kupiga skani na kutuma kwa barua pepe ni uvumbuzi wake. Kuna kampuni ilifanya hivyo, MPHJ. Ilituma barua kwa biashara ndogo zaidi ya 16,000 Marekani, ikijificha nyuma ya vikampuni kibao vyenye majina ya ajabuajabu, ikidai kama dola 1,000 mpaka 1,200 kwa kila mfanyakazi. Kwa bei ya leo hiyo ni zaidi ya laki moja ya kwetu, kwa kichwa! Barua zikitishia kesi ambazo hawakuwa na mpango wa kuzifungua. Serikali ya Marekani kupitia tume yake ya biashara ikaja kuwabana, wakakubali kuacha vitisho vya uongo mwaka 2014. Kabla ya hapo, 2013, jimbo dogo la Vermont lilikuwa limewashtaki na likatunga sheria ya kuadhibu barua za aina hii zinazotumwa kwa nia mbaya. Kumbuka hiyo Vermont, nitairudia.

Na nyinyi wa podikasti msicheke. Kuna kampuni iliitwa Personal Audio, kazi yake ya zamani ilikuwa kuuza kaseti za makala zilizosomwa kwa sauti. Kaseti, jamani! Ikaja kudai kwamba podikasti ni yake, ikamshtaki Adam Carolla mwaka 2013 pamoja na wengine. Ilibidi watu wachangishane, na shirika la kutetea haki za intaneti, EFF, likaenda kuonyesha kwamba CNN na redio ya taifa ya Kanada walikuwa tayari wameweka vipindi kwenye intaneti kabla ya tarehe ya hiyo hataza. Aprili 2015 madai yale yakafutwa. Miaka miwili ya vita, kuhusu kitu ambacho mimi nafanya chumbani na simu na blanketi la kuzuia mwangwi.

Najua kuna mtu tayari anaandika: hiyo ni Marekani, sisi yatuhusu nini?

Yatuhusu. Nina beshte wangu wa Watamu, fundi kweli kweli wa programu. Alitengeneza moja ya kuonyesha maji kujaa na kupwa, upepo, na kukupigia kengele ukikaribia sehemu yenye hatari. Wavuvi wanaitumia bure. Wageni wanaokuja kupiga tiara za baharini wanalipia toleo lao, dola chache, na wakirudi kwao wanaambiana. Ndiyo ilikuwa inamlipia kodi ya nyumba. Siku moja akapata barua pepe ya mawakili wa ng'ambo, ati kumtumia mtu taarifa kulingana na mahali alipo ni mali ya mteja wao. Lipa dola elfu tano. Hataza ya Marekani haina nguvu hapa Kenya, hilo ni kweli, kila nchi na yake. Lakini programu iko kwenye duka la simu ambalo dunia nzima inaingia, na baadhi ya wateja wako kule. Angemwendea wakili gani? Kwa pesa ipi? Akaishusha. Wavuvi nao wakakosa. Hakuna jaji aliyesikiza chochote. Barua moja, programu imekufa. Halafu mtu ananiambia dawa ni sisi pia tuwe na karatasi nyingi kama zao!

Sisi Wapwani ndio wa mwisho duniani kupaswa kuabudu karatasi. Muulize babu yako. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi ukanda wetu: mwenye dai alilete, liandikwe. Waliojua ofisi ilipo na lugha ya ofisi waliandikisha. Wamijikenda wengi waliokuwa wanalima hawakupata kitu, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni. Leo mzee kapanda mnazi, kapanda mwembe, kazika wazazi wake pale, halafu anatokea mtu na gari kutoka mbali, na karatasi mkononi, anamwita skwota. Wazee wetu walijua kutofautisha mwenye ardhi na mwenye mnazi. Aliyepanda mti alikuwa na haki ya mti wake. Kupe wa hataza ana karatasi ya ardhi asiyoikanyaga, na anadai nazi.

Na tumeshaguswa kwa njia nyingine. Kikoi, hiki tunachojifunga kwenda baharini, kuna kampuni ya Uingereza mwaka 2006 iliomba kusajili jina lake kule, kwa tahajia ya "kikoy", liwe lake kibiashara. Ikabidi Wakenya wapinge, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, mpaka ombi likafa. Disney nayo ilipata usajili wa "Hakuna Matata" kwa fulana Marekani mwaka 2003, wakati bendi yetu ya Pwani, Them Mushrooms, ilikuwa imeshayatia maneno hayo kwenye "Jambo Bwana" tangu 1982, na bibi yako alikuwa anayasema kabla ya hapo. Hizo ni alama za biashara, si hataza, msije mkanisahihisha. Lakini tabia ni ileile: kimbia ofisini, wekea ua kitu ambacho wengi wanakitumia, simama mlangoni.

Haya, sheria yetu inasemaje? Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inasema wazi kwamba mipango, kanuni na njia za kufanya biashara si uvumbuzi wa kupewa hataza. Kwa hivyo "wazo langu la kuunganisha wateja na tuktuk" halina hataza, mwanangu, hata ukienda KIPI na suti. ARIPO, lile shirika la nchi za Afrika lenye makao Harare, halitoi hataza kwa programu za kompyuta zikiwa peke yake. Hata Marekani, mwaka 2014, Mahakama ya Juu katika kesi ya Alice ilisema kuchukua wazo la kufikirika na kuliweka tu kwenye kompyuta hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Hataza nyingi za kupe zilianguka baada ya hapo.

Programu uliyoandika tayari inalindwa na hakimiliki, kama kitabu. Tangu siku uliyoiandika, bila kulipa mtu. Mtu akinakili maandishi yako, una kesi. Akitengeneza yake mwenyewe kwa jasho lake, ikafanana na yako kazi, huo unaitwa ushindani. Mpige kwa ubora.

"Lakini kampuni kubwa itaniibia wazo!" Hofu hiyo naielewa, na si ya uongo, vijana wameshashtaki makampuni makubwa ya simu hapa wakidai hivyo. Lakini fikiria: ungekuwa na hataza, ungeitetea na nini? Aliyekuibia ana mawakili ghorofa nzima. Kabla ya kuwaonyesha kitu, wape karatasi ya siri watie sahihi. Weka rekodi zenye tarehe. Wakikataa kutia sahihi, funga kompyuta, nenda zako ukale viazi karai. Hataza ni silaha ya mwenye pesa ya kupigana, na hata kupe ana pesa kuliko wewe.

Ninachotaka mimi ni wabunge wetu wakija kugusa sheria hizi, na kila baada ya muda wanazigusa, wasidanganywe na mawakili wa Nairobi kufungua mlango wa hataza za programu. Kwetu angalau anayeshindwa kortini kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake, na hiyo pekee inamfukuza kupe wa kubahatisha. Waongeze ile ya Vermont: ukituma barua ya vitisho bila kutaja namba ya hataza na bila kueleza nimekosa wapi, wewe ndiye ulipe. Nyinyi mnaosoma pale Pwani University, mnaojazana Swahilipot Mombasa kwa mashindano ya wazo bora, hilo liulizeni majaji wenu siku ya zawadi.

Na barua ikikufikia, usijibu kwa kiherehere, wala usikubali chochote kwa maandishi. Tafuta namba ya hataza. Ingiza Google Patents, ni bure. Angalia kama muda wake umeisha, maana nyingi zimeisha. Soma sehemu ya madai, si kichwa cha habari. Mtafute wakili kabla hujashusha programu. Kisha nitumie nakala, ufute jina lako kwanza. Nataka kuzikusanya za Pwani yote, tuone ni mawakili wangapi tofauti na barua ngapi zimenakiliwa neno kwa neno.