Jicho la shahidi na miaka 30 jela

Juzi nilikuwa mahakamani tena. Sitaitaja mahakama wala kesi, maana bado inaendelea na sina hamu ya kuitwa kujieleza. Itoshe kusema ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo hapa Tanzania adhabu yake si chini ya miaka 30. Shahidi, mama wa makamo, akaulizwa alimtambuaje mshtakiwa usiku ule. Akajibu: kwa mwanga wa taa ya jirani. Una uhakika? Asilimia mia, mheshimiwa. Basi. Mwandishi mwenzangu akaninong'oneza, "Jamaa kwisha habari yake."

Niliondoka na hasira. Mhariri alitaka aya nne tu, na hasira zangu hazikuenea humo, kwa hiyo nazimwaga hapa.

Msinielewe vibaya, yule mama si mwongo. Naamini kabisa anaamini anachosema, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwongo unaweza kumbana kwa maswali mpaka akajikwaa. Aliyekosea kwa moyo safi utambana vipi?

Majaji wetu wanalijua hilo. Mwaka 1980, katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, ikataja na mambo ya kuulizwa: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, aliwahi kumfahamu kabla? Maswali mazuri sana. Lakini anayeyajibu ni nani? Ni shahidi yuleyule, kwa kumbukumbu ileile tunayoitilia shaka!

Watu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi wakaulizwa magari "yalipogongana" yalikuwa na mwendo gani, wengine wakaulizwa "yalipopondana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Wa "kupondana", 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Wa "kugongana", 7 kati ya 50. Kwenye filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Sasa fikiria askari wa upelelezi anayemuuliza shahidi: "Huyu aliyekuibia, alivaa nini?"

Au chukua habari ya Ronald Cotton wa North Carolina. Mwaka 1984 mwanamke aliyebakwa alijilazimisha kuikariri sura ya mbakaji ili aje amfunge. Akamchagua Cotton kwenye picha, akamchagua tena kwenye gwaride la utambulisho. Kesi iliporudiwa mwaka 1987, mbakaji halisi, Bobby Poole, aliletwa mbele yake mahakamani. Akasema hajawahi kumwona. Cotton alikaa jela zaidi ya miaka 10, mpaka vipimo vya DNA vikamtoa mwaka 1995.

Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaruhusu maoni ya mtaalamu kwenye mambo ya sayansi, na mtaalamu wa mwandiko au alama za vidole tumemzoea. Mshtakiwa akidaiwa ana kichaa anapelekwa Isanga, Dodoma, na madaktari wanaandika ripoti. Lakini tangu nianze kukalia mabenchi ya mahakama sijamwona mwanasaikolojia hata mmoja akiapa ili aeleze jinsi akili ya mtu mzima timamu inavyokosea. Yaani akili ya mgonjwa ina mtaalamu wake, ya mzima kila hakimu anadhani anaijua kwa sababu na yeye anayo! Waingereza waliligeuza hilo kuwa kanuni katika kesi ya Turner, mwaka 1975: mambo ya binadamu wa kawaida hayahitaji daktari wa akili.

Hayahitaji? Mwambie dereva wa lori aliyemgonga mtu mwenye nguo nyeusi saa nne usiku, anayeambiwa "alipaswa kumwona". Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Mpe sekunde moja na nusu tu ya kuona, kuelewa na kupeleka mguu kwenye breki: mita 33 zimekwisha na lori halijaanza hata kupungua mwendo. Wapo wataalamu ambao kazi yao ni kupima hayo. Na wakipima huenda wakamtia dereva hatiani. Poa tu, ilimradi amehukumiwa kwa vipimo, si kwa "alipaswa".

Najua mtasema: wataalamu wananunulika. Kweli! Texas kulikuwa na daktari wa akili, James Grigson, aliyepita kwenye kesi za mauaji akiapa kwamba mshtakiwa ataua tena. Alimsema hivyo Randall Dale Adams, ambaye aliachiwa mwaka 1989 ilipodhihirika kesi yake ilikuwa mbovu. Chama cha wenzake kilimfukuza Grigson mwaka 1995. Na Loftus mwenyewe alipanda kizimbani mwaka 2020 upande wa Harvey Weinstein, tajiri wa filamu. Machinga aliyeko rumande atamlipa nani?

Ndiyo maana nataka mtaalamu aitwe na mahakama yenyewe, awe wa mahakama, asile mkononi mwa upande wowote. Na kama fedha hakuna, basi hakimu na apewe mwongozo wa maandishi wa kile sayansi inachokijua. Mahakama Kuu ya New Jersey iliagiza baraza la mahakama lielekezwe hivyo mwaka 2011, na mwongozo wa aina hiyo hauhitaji bajeti ya kutisha. Vyuo vyetu vinafundisha saikolojia. Wahitimu wapo, wengine wanauza vocha.

Wanasheria mnaonisoma, nirekebisheni nilipoteleza. Kesi imeahirishwa hadi mwezi ujao. Mshtakiwa amerudishwa rumande, kosa hilo halina dhamana.