Kibao cha shingoni kinafundisha nini?

Kila mtu ana uraibu wake. Wenzangu wengine chuoni hukusanya stempu, wengine hufuga njiwa; mimi hukusanya vidude ambavyo watoto wa shule walivishwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Katika kabati yangu mna mfupa wa ng'ombe uliotobolewa, kipande cha gunia, kifuniko cha mkebe wa rangi na vibao kadha wa kadha. Kila kimoja nimekiandikia kijikaratasi: kilitoka wapi, kilitumiwa hadi mwaka gani, na watoto walikiitaje. Kwingine kiliitwa diski, kwingine monto. Anayeniletea aghalabu hucheka akikitoa mfukoni, kisha hunyamaza ghafla.

Nilidhani ninakusanya mambo ya kale. Lakini Jumamosi moja mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili aliniletea kibao kipya, kamba yake bado nyeupe. Kilikuwa cha mdogo wake, msichana wa Gredi ya Tano. Ijumaa hiyo mwalimu wa zamu aliondoka mapema, hesabu ya wakosaji ikaahirishwa hadi Jumatatu, naye mtoto akaenda nacho nyumbani.

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kukivaa, yafaa nieleze kinavyofanya kazi. Asubuhi mwalimu humkabidhi kiranja kibao. Mtoto wa kwanza kusikika akitamka neno la kwao huvishwa. Naye huzunguka uwanjani ametega sikio hadi amnase mwingine. Jioni aliye nacho huulizwa, "Ulikipata kwa nani?" Humtaja mwenzake, na huyo humtaja mwingine, mpaka mlolongo mzima umejipanga mbele ya ofisi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliusimulia utaratibu huu katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986. Tazama jinsi mwalimu asivyohitaji kusikia wala kuona lolote. Watoto wenyewe ndio wapelelezi, ndio mashahidi, ndio washtakiwa.

Wanaisimu wenzangu wakikilaani kibao hiki hutaja hasara inayozipata lugha zetu. Hasara hiyo ipo. Hata hivyo, huko Wales katika karne ya 19 watoto walivishwa kibao chenye herufi "WN" kwa kusema Kiwelisi, na Kiwelisi hakikufa. Sheria ya mwaka 2011 imekitambua kuwa lugha rasmi ya Wales. Mimi hasara ninayoihofia zaidi ni nyingine, nami naijua kwa sababu niliitenda.

Mwaka 1991, nikiwa darasa la tano, saa tisa alasiri ilinikuta na diski shingoni. Aliyekutwa nayo jioni alizidishiwa viboko. Nilimfuata rafiki yangu, tuliyekuwa tukigawana naye hata kalamu, nikamkanyaga mguu kwa kusudi. Alilia kama aliavyo mtu yeyote akiumia, kwa lugha aliyofunzwa na mamake. Nikamvisha. Hakunisemesha tena hadi tulipofanya mtihani wa darasa la nane. Hakuna mwalimu aliyeniuliza kwa nini nilimkanyaga, kiranja alinisifu.

Je, serikali imesema nini? Tangu mwaka 1976, Ripoti ya Gachathi ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha inayotumika mahali shule ilipo, na mtaala wa umilisi ulioanza kutumiwa kote nchini mwaka 2019 haukuliacha wazo hilo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya akili. Hivyo basi mtoto anafundishwa lugha ya mama katika Gredi ya Pili, na kuadhibiwa kwa lugha iyo hiyo katika Gredi ya Tano! Tena ziko shule ambako huvishwa kibao kwa kusema Kiswahili siku isiyo "ya Kiswahili", ilhali Katiba iyo hiyo imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi.

Najua walimu mtaniambia kwamba mitihani mingi ni ya Kiingereza, na kwamba wazazi wenyewe ndio wanaodai watoto wakiseme. Ni kweli, wala sikipingi Kiingereza, kimenilisha. Lakini ninafundisha darasa la wanafunzi sabini, na wanaothubutu kuuliza swali hawafiki kumi. Wengine humtuma mwenzao aniulize baada ya kipindi. Kiingereza wanakijua, huandika insha nzuri. Wanachoogopa ni kusikika. Mwenye kutaka watoto wakiseme awape vitabu vya hadithi na midahalo, na awaache wakosee bila kuwindana. Nayo Wizara itoe waraka unaokitaja kibao hiki kwa jina, kwa maana marufuku ya jumla haijakigusa.

Nilikuwa nimekwisha kukitafutia kibao nafasi kabatini mwanafunzi wangu aliponiuliza, "Mwalimu, Jumatatu atawaambia kiko wapi?" Niliona haya. Kwa ajili ya uraibu wangu mtoto angelipia mara mbili, na kibao kingine huchongwa kwa dakika kumi. Nilimrudishia, pamoja na barua kwa mwalimu mkuu, nikimwomba aniletee mwenyewe siku watakapoacha kukitumia. Kijikaratasi chake nimekwisha kukiandika. Kimebaki kujazwa mwaka.