Samaki Wakifa Tunatafuta Dawa, Wakiishi Hatuulizi Maji



Siku hizi ufugaji wa samaki umeingia majumbani, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama mpaka Geita. Mwenye kiwanja anachimba kibwawa na kutandika turubai, mwingine anakata simtanki na kuweka sato, mwingine ana tangi la kioo sebuleni la samaki wa mapambo. Ni jambo jema. Ila swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Afisa, samaki wangu wanakufa, niweke dawa gani?"

Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi hapo hakuna dawa inayotakiwa. Samaki anaishi ndani ya maji hayo hayo anayojisaidia. Maji yakiharibika hana pa kukimbilia. Na mara nyingi anayeyaharibu ni sisi wenyewe, kwa mkono unaomwaga chakula.

Tuanze na dalili, maana kila tatizo lina alama yake.

Ukiamka alfajiri ukakuta samaki wako juu wanatweta, midomo nje, na jua likipanda wanatulia, hiyo ni hewa. Ule ukijani wa majini mchana unatoa oksijeni, lakini usiku unaivuta kama wanavyovuta samaki. Na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo kwenye joto letu la Shinyanga shida hii inakuja haraka. Zamisha mkono taratibu: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, ukijani umezidi. Simamisha chakula na samadi, toa robo ya maji uongeze mapya, na kama huna pampu chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka juu. Usidanganywe na kambale, yeye anaweza kuvuta hewa ya juu. Anaweza kuonekana mzima kwenye maji ambayo sato hawezi kukaa.

Kama wanatweta mchana kutwa, wamegoma kula, mashavu yamekuwa mekundu na maji yananuka, fikiria amonia. Inatoka kwenye kinyesi na kwenye chakula kilichobaki chini kikaoza. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wazuri, wanakaa kwenye changarawe, ukutani na kwenye chujio, na kazi yao ni kuigeuza hiyo sumu iwe kitu chepesi. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha, wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ndiyo maana unakuta mtu kaweka samaki wengi siku ya kwanza, wiki ya pili analia.

Hapo sasa ndipo tunapokosea kwa kupenda usafi. Mtu anamwaga maji yote, anasugua tangi kwa sabuni, anaosha changarawe mpaka inang'aa, anajaza maji ya bomba saa hiyo hiyo. Kesho yake samaki wamelala. Ameua bakteria wote, halafu akaongeza klorini. Maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama yanatoka Ziwa Victoria na kusafishwa kule Ihelele kabla ya kutufikia. Ile dawa inayoyafanya salama kwako wewe inaunguza mashavu ya samaki. Yaache kwenye chombo cha wazi siku 1 hadi 2 kwanza. Na usibadilishe yote, robo kwa wiki inatosha kwa tangi dogo.

Chakula nacho kipimo chake ni rahisi: wape kile watakachomaliza ndani ya dakika 5 hadi 10. Pumba ikibaki inaelea, umezidisha. Na kwenye bwawa lisilo na mashine ya hewa, wasizidi samaki 5 kwa mita moja ya mraba.

Wale wanaofungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga majini, naomba muache. Vinaua hata bakteria wanaokusaidia, tena vinabaki kwenye samaki ambaye kesho utampikia mwanao.

Hayo yote ni matatizo yanayojionyesha. Wenzetu wa Geita, Nyarugusu, Rwamagasa na kote kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu mna tatizo lingine ambalo halijionyeshi, nalo ni zebaki.

Nikisema usichimbe bwawa chini ya mwalo, jibu ninalopewa ni, "Mbona samaki wapo wazima, tena wanene?" Ndugu zangu, hapo ndipo hatari ilipo. Amonia inaua samaki, basi hutamla. Zebaki inamwacha hai. Ikishuka kwenye tope, bakteria wanaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, inaingia kwa wadudu, kwa samaki, inajikusanya kwenye mnofu. Huioni, haina harufu, na kukaanga hakuiondoi. Kambale anayekula samaki wenzake anakusanya zaidi. Anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu inashambulia ubongo unaojengeka.

Dunia ilijifunza hili kule Minamata, Japani, mwaka 1956, ambako watu walikuwa wanakula samaki wa ghuba yao kama kawaida. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lakini mkataba hauchagui mahali pa kuchimba bwawa lako. Unachagua wewe.

Najua mwalo unalisha familia, na wachimbaji ndio wateja wakubwa wa kitoweo. Sisemi mialo ifungwe. Nasema samaki wa kula asifugwe kwenye maji yanayotiririka kutoka huko, wala karibu na mitambo ya sayanaidi. Usitumie mchanga wa marudio kwenye bwawa. Hata maji ya mvua, usivune kwenye paa lililo jirani na wanapochomea dhahabu, moshi ule una zebaki na unatua juu ya bati. Tafuta maji ya juu ya mwalo, au ya bomba yaliyopumzishwa. Kama hayapo, fuga kuku.

Mwenye wasiwasi na bwawa ambalo tayari lipo, zebaki haipimwi kwa macho wala kwa mkono hadi kiwiko. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza. Jiungeni wafugaji kadhaa mchangie gharama, mpime maji, tope na samaki mwenyewe. Na sisi maofisa, tunapokwenda kukagua eneo la mtu, swali la kwanza liwe maji yanatoka wapi. Jibu likiwa "kwenye mwalo", tumwambie hapana kabla hajanunua vifaranga, maana akishanunua itakuwa vigumu kutusikia.