Ali wa Dar es Salaam

Ukiishi Louisville huwezi kumkwepa Muhammad Ali. Ukishuka kwenye ndege tu, uwanja wenyewe una jina lake tangu 2019. Ukienda mjini kuna barabara yake, na kuna makumbusho yake karibu na mto Ohio. Nyumba aliyokulia, kule Grand Avenue, imepakwa rangi ya waridi. Sisi tuliosoma shule za hapa tumesimuliwa habari ya baiskeli yake iliyoibwa 1954 mara nyingi mpaka unaweza kudhani iliibwa kwetu.

Na Waswahili wa hapa kila mtu ana Ali wake. Majirani zetu Wakongo wana Ali wa Kinshasa, 1974, usiku ule alipomwangusha George Foreman raundi ya 8. Kaa nao harusini, ikifika soda ya pili lazima mzee mmoja atasimama akuonyeshe Ali alivyoegemea kamba. Raha tupu. Sasa mimi nimelelewa na watu wa Dar es Salaam, na Ali wa Dar hana raha hiyo. Alikuja Februari 1980, hakupigana na mtu, Rais hakutaka hata kumwona, akaondoka. Baba akisimulia hucheka kile kicheko cha aibu, kama anazungumzia mgeni aliyemwaga mchuzi kwenye mkeka.

Mimi nasema huyo Ali wa Dar ndiye wa kumpenda kuliko wote. Najua Baba atasoma hii. Shikamoo Baba. Haya, twende.

Kwa ambao hamkusimuliwa, mambo yalikuwa hivi. Desemba 1979 jeshi la Umoja wa Kisovieti liliingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter akaamua Marekani isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na akataka nchi nyingine zimfuate. Afrika akamtuma Ali. Wakati huo Ali ni bingwa mstaafu: 1978 alikuwa amemnyang'anya Leon Spinks taji la uzito wa juu, mara yake ya tatu kulitwaa, kisha 1979 akatangaza kwamba ngumi basi. (Oktoba 1980 alirudi ulingoni akapigwa vibaya na Larry Holmes. Afadhali asingerudi, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Alikuwa India kwa shughuli zake, akapandishwa ndege ya serikali, na kituo cha kwanza kikawa Dar. Baada ya hapo Kenya, Nigeria, Liberia na Senegali.

Nyerere hakumpokea. Aliona ni dharau, na mimi hapo niko upande wa Mwalimu mia kwa mia. Jambo la vita na siasa za dunia, unamtuma bondia? Kama Carter angekuwa anataka kuzungumza na Ujerumani Magharibi asingemtuma mtu wa masumbwi. Hata kama mtu mwenyewe ni Ali.

Basi Ali akabaki na waandishi wa habari, na hao hawakuwa watu wa kuchezea. Dar ya miaka ile ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Afrika Kusini, wote walipita kwenye mitaa ile. Kwa hiyo hawakumuuliza habari za Foreman. Walimuuliza habari za Montreal.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana bila Montreal hutaelewa kwa nini watu walikuwa wamechoka. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand ikaruhusiwa kushiriki kana kwamba hakuna kilichotokea. Tanzania ikabaki nyumbani. Na Tanzania ilikuwa na Filbert Bayi. Miaka miwili kabla, kule Christchurch, Bayi alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa kukimbia mbele tangu mlio wa bastola hadi mwisho, akamwacha John Walker wa New Zealand nafasi ya pili, tena kwao Walker. Dunia nzima ilikuwa inasubiri wakutane tena Montreal. Bayi hakwenda. Walker akachukua dhahabu.

Hiyo ndiyo bei waliyolipa, na Marekani haikuchangia hata senti. Halafu miaka minne baadaye Marekani hiyo hiyo inakuja kuwaambia: tusaidieni kususia. Waandishi wakamuuliza Ali, mbona 1976 hamkuwa nasi? Wakamuuliza, Warusi wanawasaidia wapigania uhuru wetu, kwa nini tuwageuke? Na kuna lile lililomchoma zaidi: je, wewe ni kibaraka wa Ikulu ya Marekani?

Alipandwa na hasira kwanza. Alisema yeye si kibaraka wa mtu. Ungetegemea aendelee hivyo, kwa kelele na mashairi yake ya kutambia watu, maana mdomo alikuwa nao. Badala yake akasikiliza. Akasema mambo hayo hakuambiwa Marekani.  Na akasema pengine anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa. Aliyasema mbele ya waandishi, akiwa bado ni mjumbe wa rais, safari ndiyo kwanza imeanza.

Watu wote wanamsifu Ali wa 1967, aliyekataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akavuliwa ubingwa na kukaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana. Namsifu na mimi. Lakini siku ile alikuwa anashikilia anachokiamini, na 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu yake, kwa hiyo leo kumsifu ni rahisi. Dar alifanya kitu ambacho mimi sijamwona mwanasiasa yeyote wa huku akikifanya. Mtu aliyezoea kujiita mkubwa kuliko wote alikaa mbele ya watu asiowajua, wakamwonyesha kwamba hajui, akasema kweli, sikujua.

Baba ana hoja mbili dhidi yangu, zote nzito. Ya kwanza: kwa nini hakuuliza kabla ya kupanda ndege? Hapo sina jibu. Montreal haikuwa siri. Ya pili: kama aliona anatumiwa, kwa nini akaendelea na safari? Hili nalo linaniumiza kichwa, ila naona tofauti kati ya mtu anayeendelea huku anaamini kila neno na mtu anayeendelea huku ameshasema hadharani kwamba ana shaka. Ujumbe wa Carter ulitoboka Dar na haukuzibika tena. Kenya ilisusia, lakini Kenya ilikuwa upande wa Carter tayari. Ni sehemu ya sababu Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Nigeria ilikwenda Moscow.

Tanzania nayo ilikwenda. Bayi akapata medali ya fedha mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha mita 5000. Mpaka leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizo nazo. Yaani kama Ali angefaulu Dar, tusingekuwa na hata moja.

Sasa, kwa nini nawaletea haya ninyi, watoto wa Swahili wa Minneapolis, London, Muscat? Kwa sababu na sisi tunatumwa. Hakuna aliyetusainia karatasi, lakini kila Desemba tunashuka Dar na Nairobi na simu zetu na lafudhi zetu, tuna maoni kuhusu foleni, kuhusu wasichana wa kazi, kuhusu takataka ufukweni. Mwaka jana nilikuwa Ilala na rafiki yangu wa hapa Louisville. Akaanza kuwaeleza binamu zangu kuhusu plastiki baharini, kwa nia njema kabisa. Binamu yangu mmoja, ambaye mama yake anauza mitumba, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sawa dada. Na haya marobota ya nguo mbovu tunayofungua kila wiki, nusu tunatupa, aliyatupa nani kwanza?"

Kimya. Tena kimya kile cha kusikia feni.

Swali kama hilo likija nimeona watu wakifanya moja ya mambo mawili. Wengine wanapandisha sauti. Wengine, na hii ndiyo inayonikera, wanakimbilia upande wa pili: ah jamani, mimi si Mmarekani, mimi mwenzenu tu. Dakika tano zilizopita ulikuwa unatoa mhadhara kama mtu wa Umoja wa Mataifa, sasa umekuwa mwenzetu? Ali naye angeweza kujificha hapo hapo. Mtu mweusi, Mwislamu, anayependwa Afrika nzima, nani angembishia?

Rafiki yangu alikunywa maji, akamwambia binamu, "Sikulijua hilo. Yanafikaje hapa?" Wakakaa mpaka usiku wakizungumza bei ya robota, mambo ya bandarini na nani anapata hasara likifunguliwa na kukutwa matambara. Siku ya pili shangazi akampeleka Karume akaone mwenyewe.

Baba anasema namfananisha Ali na watoto wa juzi. Sawa, tutabishana, nimemwomba aje kwenye kipindi na amekubali kwa sharti kwamba nisimkatize. Ila nina ombi. Kama una baba mkubwa, shangazi au babu aliyekuwa Dar Februari 1980 na anakumbuka habari hii ilivyosemwa redioni, mitaani au kazini, mrekodi kwa simu ututumie. Hata dakika mbili zinatosha. Mwache aseme anavyotaka, hata kama naye, kama Baba, anaona ilikuwa aibu.