Pete za Maleba Si Pete Bandia

Neno bandia humponza mkusanyaji wa pete za runinga kabla hajafumbua kinywa kujitetea. Iwe ni Plateau, iwe ni Eldoret mjini au katika mabweni ya chuo, kijana akionekana amevaa pete iliyoundwa kwa mfano wa ile ya mhusika fulani wa mchezo wa runinga, wenzake huitupia jicho na kutoa hukumu papo hapo: hiyo ni bandia. Hukumu hiyo ina kosa la lugha na kosa la fikra, na yamkini la lugha ndilo lililozaa la fikra.

Noti bandia, dawa bandia na cheti bandia ni vitu vinavyotaka kupokelewa kama vile vya kweli, na siri ikifichuka aliyevitengeneza hufikishwa mahakamani. Pete ya maleba haina siri ya kufichuka. Anayeiuza hutangaza, na anayeinunua hujua, kwamba ile ya kwanza ilivaliwa na mwigizaji mbele ya kamera, na kwamba hii ni mwigo wake. Isitoshe, ile ya kwanza nayo ilifuliwa kwa ajili ya mfalme au shujaa ambaye hajawahi kuzaliwa. Ni udanganyifu gani basi unaotendeka? Wajuzi wa lugha watakumbusha kwamba mtoto wa bandia ni mwanasesere, na hakuna binti aliyewahi kushtakiwa kwa kumbeba mgongoni. Kwa vile maana hiyo ya upole imefifia na ile ya ughushi imetamalaki, ingefaa wanafunzi wa Kiswahili waseme pete ya mwigo, na neno bandia liachiwe walaghai.

Kosa la fikra ni kudhani kwamba mkusanyaji hukusanya chuma tu. Anachokusanya hasa ni nembo, na nembo haisomeki bila historia. Uchukuliwe mfano wa Captain Planet, mfululizo wa vibonzo ulioanza kurushwa Marekani mwaka 1990. Vijana watano wamepewa pete tano: ardhi, moto, upepo, maji na moyo. Utangulizi wake unamtaja Kwame kuwa ametoka Afrika, Gi Asia, Ma-Ti Amerika Kusini, Wheeler Amerika Kaskazini, na Linka Muungano wa Kisovieti. Muungano huo uliposambaratika mwaka 1991, Linka akabadilishiwa asili, akawa mtu wa Ulaya Mashariki. Kwame hakubadilishiwa kitu, kwa kuwa hakuwa amepewa nchi ya kubadilishwa. Alikabidhiwa bara zima alibebe, hali jina lake ni la Waakani wa Ghana na jirani zao, ambao humwita hivyo mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumamosi. Mkusanyaji aliye na pete ya ardhi mkononi, na aliyejisumbua kuuliza maswali haya, amefanya uhakiki wa kazi ya sanaa sawasawa na yule aliyeandika tasnifu.

Mfano wa pili una utamu zaidi. Katika mchezo wa Buffy the Vampire Slayer, ulioonyeshwa kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, kuna kipindi cha mwaka 1998 ambamo Angel, mhusika anayesimuliwa kuwa mzaliwa wa Galway nchini Ireland, anampa Buffy pete yenye mikono miwili iliyoshika moyo uliovikwa taji. Nembo hiyo haikubuniwa na watunzi wa mchezo. Ni pete ya Claddagh, iliyopewa jina la kijiji cha wavuvi kilicho kando ya Galway; mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu. Masimulizi ya Wairishi husema kwamba fundi wake mashuhuri, Richard Joyce, alitekwa baharini na maharamia wa Algiers katika karne ya 17, akauzwa utumwani kwa sonara wa huko, akajifunza ufundi kwake, kisha akarudi kwao baada ya kuachiliwa. Masimulizi ni masimulizi. Hata hivyo, ni jambo la kutafakariwa kwamba Wairishi wenyewe, wanapoieleza pete yao ipendwayo kuliko zote, humpitisha fundi wake katika karakana ya Afrika. Askofu wa kwanza wa Eldoret, Joseph Brendan Houlihan, alikuwa Mwairishi, na wamisionari wa taifa lake walifungisha ndoa nyingi katika nyanda hizi. Nembo ya Galway, kwa hiyo, si ngeni mno Plateau kama inavyodhaniwa.

Zipo sababu nyingine zinazofanya pete yenye nembo itazamwe kwa hofu. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Tangu miaka hiyo, fuvu, nyota au jicho kwenye pete limetosha kumfanya mtu anong'onwe kuwa ni mfuasi wa dini ya siri. Kijana anayevaa pete ya fuvu ya Phantom, shujaa wa katuni aliyebuniwa na Lee Falk mwaka 1936, hana namna ya kuwaeleza majirani kwamba fuvu hilo ni la hadithi tu. Dawa ya hofu hiyo haiwezi kuwa marufuku. Ni maelezo, na maelezo yanahitaji lugha yenye msamiati wa kutosha.

Msamiati huo upo, ila umelala. Kiswahili kina kito, akiki, feruzi, yakuti, nakshi, muhuri na sonara. Lamu kuna pete za fedha zilizopachikwa vigae vya sahani kuukuu za kauri ya Kichina, na mvaaji hutembea na kipande cha biashara ya Bahari ya Hindi kidoleni. Halafu kuna mzizi wa Kiarabu uliozaa neno khatam, yaani pete ya muhuri. Mzizi huo huo, wenye maana ya kufunga na kukamilisha, ndio uliokipa Kiswahili hatima, khitima na hitimu. Mwanafunzi anayehitimu chuoni, hata kama hajawahi kuvaa pete maishani, ametiwa muhuri na lugha. Ni ajabu kwamba darasa la isimu likalipitia neno hilo kila mwaka, kisha likamcheka mwenzao kwa kuvaa pete yenye nembo.

Lakini utetezi huu usimvimbishe kichwa mkusanyaji. Yapo ya kumlaumu, na kubwa ni hili: anazijua koo za Game of Thrones, mbwamwitu wa Stark na simba wa Lannister, na haijui nembo ya ukoo wa jirani yake. Kila ukoo wa Wanandi una mnyama au kitu chake cha asili, kiitwacho tiondo. Talai wana simba, Kipasiso wana jua. A. C. Hollis aliziorodhesha koo hizo katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909, na wazee wanazo hadi leo bila kitabu. Na kuhusu pete yenyewe, Wanandi na Wakipsigis walifunga ndoa kwa nyasi iitwayo segutiet, bwana na bibi wakifungana mkononi. Nyasi hunyauka, na haiwekwi katika kisanduku cha kioo. Je, haiwezi kuwa ndiyo sababu mtu aliyelelewa na runinga hadhani kwamba hiyo nayo ni nembo?

Hapo ndipo suala la mwigo linapoacha kuwa mchezo. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Fimbo zake tatu za utawala zilikaa Uingereza hadi mwaka 2006 zilipokabidhiwa Kenya na familia ya muuaji. Kwa muda wa karne moja hapakuwa na mtoto wa Nandi au wa Uasin Gishu aliyeweza kuziona, achilia mbali kuzishika. Kule pwani, vigango vya Wamijikenda viliibwa na kuuzwa ughaibuni. Viwili vilirudishwa mwaka 2007 kutoka Illinois State Museum na Hampton University za Marekani. Wanunuzi wa ughaibuni walitaka kitu cha asili, kwa kuwa waliambiwa mwigo hauna thamani. Dharau ya mwigo, ile ile inayomkera kijana wa pete, ndiyo iliyonenepesha soko la wizi.

Ingekuwa bora, basi, miigo mizuri iundwe na mafundi wa hapa nchini, iandikwe waziwazi kuwa ni miigo, na ifike shuleni, ili kitu cha asili kibaki mahali pake pa heshima. Wapo watakaopinga kwamba kitu kitakatifu kikiigwa hunajisika, na pingamizi hilo lina uzito. Kigango ni cha marehemu, hakichongwi ili kipambe sebule. Kwa hiyo mwigo wa kigango usiundwe kwa biashara hata kidogo, ilhali mwigo wa fimbo kwa ajili ya darasa la historia ni jambo la kuzungumzwa. Tiondo iko katikati ya hayo mawili. Simba wa Talai si pambo la runinga. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha Talai wa Kipsigis kwa nguvu hadi Gwassi, kwa sababu ya ukoo wao tu, na jeraha hilo halijapona. Fundi wa Eldoret akitaka kuchora simba huyo kwenye pete, aanze kwa wazee wa ukoo, awaeleze pete ni ya nani na itauzwa wapi. Wakikataa, aiweke nyundo chini.